Kuboresha Kamera za Nyumbani: Anza na Picha ya Saa Nane Usiku

Fungua rekodi za mfumo ulio nao leo. Nenda saa nane ya usiku wa kuamkia jana, tafuta dakika ambayo mtu alipita getini, kisha simamisha picha. Unamtambua? Usimkisie kwa kuwa unajua ni mlinzi wako aliyezunguka na tochi. Mtazame kama mtu usiyemjua: ana ndevu au hana, kichwani kavaa nini, shati lake lina mikono mirefu au mifupi. Katika nyumba nyingi zenye mfumo wa zamani, kinachoonekana ni kivuli cheupe kinachoacha mkia kama moshi. Nyingine hazina hata kivuli, kwa sababu umeme ulikatika saa sita na DVR (kisanduku cha kurekodi) ilipowaka tena tarehe yake ilikuwa imerudi mwaka 2000.

Mambo hayo mawili, sura ya usiku na rekodi isiyokatika, ndiyo yaongoze pesa yako. Kwa kawaida mtu akisema anaboresha kamera huanza kwa kununua megapikseli nyingi zaidi, akazifunga kwenye kebo dhaifu, umeme uleule wa kuyumba na diski ileile iliyochoka. Makala haya yanachukua nyumba ya kawaida yenye uzio, kama zilivyo nyingi za Mbezi, Kigamboni, Syokimau au Nyali: kamera nane za koaksia, DVR moja, geti la magari na mlango mdogo wa watu. Tunataka kuhamia kamera za mtandao na kompyuta yetu wenyewe ya kurekodi, bila kubomoa kila kitu kwa siku moja.

Na hilo la kutobomoa linawezekana kuliko wengi wanavyodhani. DVR nyingi za miaka ya karibuni, hata zile za kamera za koaksia, hutoa picha zake kwa mtandao kupitia itifaki ya RTSP kwenye poti 554. Maana yake kompyuta mpya ya kurekodi inaweza kuchukua picha za kamera za zamani kutoka kwenye DVR, kila chaneli kwa anwani yake, huku wewe ukibadilisha kamera moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa vifaa vya Hikvision na ndugu zake, mkondo mkuu (picha kamili) wa chaneli ya kwanza huishia na /Streaming/Channels/101 na mkondo mdogo (picha iliyopunguzwa) 102. Chaneli ya pili ni 201 na 202. Kwa Dahua ni /cam/realmonitor?channel=1&subtype=0, na ukitaka mkondo mdogo unaweka subtype=1. Jaribu anwani hiyo kwanza kwenye VLC, programu ya kuchezea video. Ikifunguka pale, itafunguka kwenye kompyuta ya kurekodi. Ikikataa ilhali nywila ni sahihi, tazama kama nywila ina alama za @, # au /. Alama hizo huvuruga anwani ya RTSP, hivyo ni rahisi zaidi kutumia nywila ndefu ya herufi na namba tupu.

Hivyo basi, anza na kompyuta. Kamera ya kwanza kubadilishwa iwe ya geti, ya pili mlango wa jikoni. Za pembeni zinaweza kusubiri hata mwaka.

Hesabu ya sura

Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la mwaka 2014, kinapima picha kwa pikseli zinazoangukia kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba pale kuna mtu. Kwa 125 utamtambua mtu unayemfahamu. Kumtambua usiyemjua kunahitaji 250. Geti lako linahitaji hiyo 250. Ua wa nyuma unaweza kuridhika na pungufu ya hapo.

Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 10 na kidogo: hapo ndipo sura inapoanza kupotea, pale upana wa picha unapozidi mita 10. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo maduka mengi hukupa usipotaja unachotaka, huona takriban nyuzi 100, na upana wa mita 10 inaufikia umbali wa mita 4 tu. Lenzi ya milimita 4 hukufikisha kama mita 6. Ya milimita 6, yenye nyuzi 50 hivi, hufika mita 11. Kwa hiyo kamera iliyofungwa kwenye kona ya nyumba, mita 10 kutoka getini, ikiwa na lenzi ya 2.8, itakuonyesha ua mzima, mchungwa na gari, na sura ya mgeni itakuwa vipande vinne vya rangi. Kuongeza hadi megapikseli 8 kunasaidia mchana. Usiku mara nyingi kunaharibu, kwa sababu pikseli nyingi kwenye sensa ndogo kila moja hupata mwanga kidogo. Kwa geti ningechagua bila kusita megapikseli 4 zenye sensa ya inchi 1/1.8 kuliko megapikseli 8 zenye sensa ya 1/2.8, hata kama bei ni ileile.

Urefu wa kufunga nao una neno. Mita 2.5 hadi 3 ni sawa. Ukipanda mita 4 kwa kuogopa mtu asiifikie, utarekodi kofia na visogo. Ikiwa hofu ni kuvunjwa, funga kamera ya pili inayoitazama ya kwanza.

Halafu kuna shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, na hapa ndipo ule mkia wa moshi unapotoka. Kamera ikiachwa ijiamulie, gizani hufungua shata hadi 1/12 ya sekunde ili picha ionekane angavu. Ukutani inapendeza, mtu anayetembea anakuwa ukungu. Weka kikomo: 1/100 kwa watu ikiwa kuna taa ya geti, au 1/50 ikiwa giza ni zito. Picha itakuwa nyeusi zaidi, na hiyo ndiyo bei ya sura iliyotulia. Dawa yake ni kuongeza mwanga, taa ya LED ya wati 10 juu ya geti, badala ya kulegeza shata. Namba za magari ya mwendo zinahitaji 1/500 au haraka zaidi pamoja na lenzi iliyobanwa kwenye eneo dogo, yaani kamera ya peke yake; usitegemee kamera moja ikupe sura na namba ya gari usiku. Na kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera iliyotoka kiwandani ikiwa kwenye mpangilio wa hezi 60 itaonyesha mistari inayopanda chini ya taa. Badilisha iwe 50, na fremu ziwe 25 kwa sekunde, au 15 ukitaka kubana nafasi.

Kebo na volti zinazopotea njiani

Kasoro moja huwachosha mafundi wengi: kamera inafanya kazi mchana kutwa, ikifika saa moja jioni inajizima na kuwaka, inajizima na kuwaka, hadi alfajiri. Watu hubadilisha kamera, hubadilisha DVR, wakati tatizo liko kwenye waya. Jua likizama kamera inawasha taa zake za infraredi na matumizi yanapanda, tuseme kutoka wati 3 hadi 7. Wati 7 kwa volti 12 ni karibu ampea 0.6. Fundi akiwa amepitisha umeme huo kwenye jozi moja ya kebo ya mtandao kwa mita 40, kwenda na kurudi ni mita 80 za waya mwembamba wenye upinzani wa karibu omu 84 kwa kilomita. Volti 4 zinapotea njiani, na kamera inayotaka 12 inabaki na 8.

Kamera za PoE, zinazopata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, zinaondoa ugonjwa huo kwa sababu umeme husafiri kwa volti 48 hivi. Mkondo unashuka hadi robo na kinachopotea ni chini ya volti moja. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye poti, kikihakikisha karibu 13 mwisho wa kebo, na hizo zinatosha kamera za kawaida. Kamera zinazozunguka zenye taa kubwa huhitaji 802.3at, ya wati 30. Unaponunua swichi usitazame idadi ya poti peke yake. Uliza jumla ya wati. Swichi ya poti nane yenye wati 65 itabeba kamera nane za wati 7 kwa akiba ndogo tu, na matumizi yakipanda kidogo poti ya nane inaweza kuzimwa. Chukua ya wati 96 au 120. Epuka vile visanduku vinavyosukuma umeme kwenye waya bila kuuliza kifaa kinataka nini. Ukichomeka laptopu hapo kwa bahati mbaya unaweza kuichoma.

Kebo yenyewe iwe ya shaba kamili. Inayouzwa kwa nusu bei ikiwa imeandikwa Cat6 kwa kawaida ni CCA, alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Alumini hupitisha umeme vibaya zaidi, hupata joto kwenye PoE, na hukatika kwenye plagi baada ya miezi ya kutikiswa na upepo. Cat5e ya shaba ni bora kuliko Cat6 ya CCA, na kwa kamera moja kwa kila kebo haina upungufu wowote. Usizidi mita 100. Mpangilio wa rangi ni T568B pande zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pima kila kebo kwa kipimio kabla ya kupanda ngazi. Kurudi juu ya bati saa saba mchana kwa ajili ya uzi mmoja ni adhabu.

Wanaoishi pwani wana adui wa ziada. Hewa ya chumvi huingia kwenye plagi na kuacha kutu ya kijani kwenye pini ndani ya msimu mmoja. Plagi isining'inie nje ya ukuta hata siku moja. Iweke ndani ya kisanduku cha kufungia kamera, paka pini grisi ya silikoni kidogo, kaza ile kofia ya mpira inayokuja kwenye boksi la kamera (mafundi wengi huitupa), na kabla kebo haijaingia tundu iache ishuke chini kisha ipande, ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika.

Kwa kibanda cha mlinzi au jengo jingine mbali na nyumba, na hasa kwa watu wa ukanda wa Ziwa Victoria ambako radi si mgeni, tumia faiba kati ya majengo badala ya shaba. Radi ikipiga karibu, waya mrefu wa shaba hubeba mshtuko hadi kwenye swichi, na kutoka hapo hadi kwenye kompyuta. Faiba haipitishi umeme. Vigeuzi viwili na faiba ya nyuzi mbili ni gharama ndogo ukilinganisha na kamera nane.

Kompyuta

Huhitaji mashine mpya. Zile za ofisini za mtumba, kama HP EliteDesk, Dell OptiPlex au Lenovo ThinkCentre, zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue, na ndizo zinazofaa. Chagua ya Intel Core i5 kizazi cha 8, mfano i5-8500, yenye RAM ya GB 8 au 16. Kizazi kina maana: chipu ya picha iliyo ndani yake hufungua video za H.265 (namna ya kubana video) yenyewe bila kukisumbua kichakataji. Kizazi cha 4, ambacho bado kinauzwa sana kwa bei ya kuvutia, hakiwezi. Kila kamera ya H.265 itafunguliwa kwa nguvu ya kichakataji na feni italia usiku kucha. Chukua umbo la mlalo wa wastani, siyo kile kisanduku kidogo kama kitabu, kwa kuwa kile hakina nafasi ya diski ya inchi 3.5.

Matumizi ya umeme yahesabu mapema. Kamera nane wati 50, kompyuta na diski wati 30, swichi na rauta wati 20: jumla kama wati 100, yaani uniti 2.4 kwa siku au 72 kwa mwezi kwenye LUKU. Mnara wa zamani wenye kadi ya picha utakuongezea nusu ya hizo bila faida yoyote.

Diski ni mbili. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 kwa mfumo na hifadhidata, na diski kubwa ya kuzunguka kwa video. Hesabu yake ni hii: kamera moja kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza GB 43 kwa siku. Nane ni GB 346. Diski ya TB 4 itatosha siku 11, ya TB 8 siku 23. Kwa megabiti 2, zinazotosha kamera ya ukuta usiopitwa na watu, nafasi inarefuka mara mbili. Mzigo wenyewe ni megabaiti 4 tu kwa sekunde, hivyo kasi ya diski si hoja. Kinachoua diski ni kuandika bila kupumzika ndani ya joto. Nunua za kazi hiyo, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, na ukwepe diski za bei nafuu za teknolojia ya SMR ambazo hukwama zinapoandikiwa mfululizo. Joto lake lisipite nyuzi 50. Kabati lililofungwa juu ya friji si mahali pake.

Kwa programu, Frigate ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba: ni huria, hukaa juu ya Debian (aina ya Linux) ndani ya Docker (kasha la kuendeshea programu), na hutofautisha mtu na paka au tawi linaloyumba. Anayependa Windows yupo Blue Iris, ya kulipia. Frigate huchukua mikondo miwili kwa kila kamera. Mkondo mkuu unahifadhiwa kwenye diski kama ulivyo, bila kuguswa, hivyo haugharimu nguvu. Mkondo mdogo, tuseme 640 kwa 360 kwa fremu 5, ndio unaochunguzwa kutafuta watu. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchunguza mkondo mkuu. Kompyuta inazidiwa na wanailaumu programu. Ruhusu Docker ione /dev/dri/renderD128, yaani chipu ya picha, chagua mpangilio wa vaapi ili chipu hiyo ifungue video, na tumia OpenVINO, programu ya Intel ya kutambua vitu, kwenye chipu hiyohiyo. Kwa kamera nane hutahitaji kifaa kingine.

Kwenye kamera, zima H.265+ na chochote kinachojiita kodeki janja. Huokoa nafasi kwa kuchelewesha fremu kamili, na matokeo yake ni rekodi zinazoanza zikiwa za kijivu au kukatika. Weka fremu kamili moja kila sekunde: ikiwa kamera inatoa fremu 15, namba iwe 15. Sauti iwe AAC. Ile ya G.711 haiingii vizuri kwenye faili za MP4.

Sasa mitego miwili ya diski isiyoandikwa kwenye boksi. Ukiiandaa kwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux), Linux hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi. Kwenye TB 8 hiyo ni GB 400, zaidi ya siku nzima ya rekodi, na kwa diski ya video haina kazi. Irudishe kwa amri ya tune2fs -m 0. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Diski ikishindwa kuunganishwa siku moja baada ya umeme kukatika, folda yake inabaki tupu kwenye SSD, na Frigate itaandika humo bila kujua tofauti, hadi SSD ijae na mfumo mzima usimame. Kinga yake ni dakika moja: kabla ya kuunganisha diski, funga folda tupu kwa amri ya chattr +i. Diski isipokuwepo, uandishi unakataliwa na wewe unaona kosa mapema. Kwenye fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa, tumia UUID (namba ya kipekee ya diski), usitumie /dev/sdb, maana majina hayo hubadilishana.

Muda wa kuhifadhi ugawe. Siku 7 za kila kitu kwa kamera zote huchukua karibu TB 2.4. Nafasi iliyobaki iache kwa matukio yenye watu, siku 30 au 60. Wizi mwingi wa majumbani hutanguliwa na mtu kupita mara mbili tatu kutazama, na hizo siku za nyuma ndizo utakazozitafuta.

Umeme ukikatika

UPS (kifaa cha akiba ya umeme) ya kawaida ya 650VA ina betri moja ya volti 12, ampea-saa 7. Kwenye karatasi ni wati-saa 84. Kwa mzigo wa wati 100, betri ikiwa mpya utapata dakika 20 hadi 30. Hiyo inatosha kuvuka kuyumba kwa umeme na kuzima kompyuta kwa adabu, haitoshi kulinda usiku. Anayetaka usiku mzima achukue betri ya lithiamu ya LiFePO4, volti 12.8 kwa ampea-saa 100, na inveta ya wimbi safi. Baada ya hasara za inveta inampa kama saa 10. Usisahau swichi na rauta kwenye upande huohuo wa akiba. Ni makosa ya kila siku kukuta kompyuta iko kwenye UPS na swichi ya kamera iko ukutani.

Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kuna mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Weka iwake yenyewe. Badilisha na betri ya CR2032 wakati umeifungua, usisubiri tarehe ianze kurudi nyuma. Programu ya NUT itazungumza na UPS kwa kebo ya USB na kuzima mfumo betri inapokaribia kuisha. Hakikisha inaamuru UPS nayo ikate umeme mwishoni. Bila hivyo, umeme ukirudi kati ya kuzima kompyuta na kuisha kwa betri, kompyuta haitaona tofauti yoyote na italala imezimwa hadi utakapogundua.

Nani mwingine anatazama

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilikusanya mamia ya maelfu ya kamera, DVR na rauta duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo ikatumika kuangusha huduma za kampuni ya Dyn, na pamoja nayo tovuti kubwa kadhaa za Marekani. Vifaa vile vilikuwa vya watu wa kawaida. Kwa hiyo usifungue poti ya kamera kwenye rauta ili uone nyumba ukiwa safarini, hata fundi akikuambia ndiyo njia rahisi.

Njia nzuri na ya gharama ndogo ni kuweka kadi mbili za mtandao kwenye kompyuta. Moja inaenda kwenye swichi ya kamera, nyingine kwenye rauta ya nyumbani. Kamera zipewe anwani za kudumu, tuseme 192.168.20.11 hadi 18, na sehemu ya geti la mtandao (gateway) iachwe tupu. Zitaonana na kompyuta, hazitaiona intaneti. Hapo saa zake zitaanza kupotea, kwa sababu haziwezi kuuliza muda nje. Weka chrony, programu ya kutoa muda, kwenye kompyuta na uziambie kamera zichukue muda humo. Ukiwa mbali tumia VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako. WireGuard ni nyepesi, ila wengi wetu tuko kwenye laini za simu zisizotoa anwani ya umma, na hapo Tailscale hupita bila kufungua chochote. Frigate ina poti 8971 inayodai nywila, na 5000 isiyodai. Ya pili isitoke nje ya kompyuta.

Faragha ya walio ndani ina uzito uleule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya na Uganda zina zao za mwaka 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake. Ziba dirisha la jirani kwa kiraka cheusi kwenye mipangilio ya kamera. Weka kibao getini kinachosema kuna kamera. Na chumba anacholala dada wa kazi, au njia ya kwenda bafuni kwake, si mahali pa kamera kwa kisingizio chochote.

Usiku wa majaribio

Usimlipe fundi pesa yote mchana. Subiri giza. Mtu mmoja avae kofia, aingie getini kwa mwendo wa kawaida, apite hadi mlango wa jikoni. Mwingine afungue rekodi, siyo picha ya moja kwa moja, na asimamishe fremu. Kisha zima swichi kuu ya nyumba kwa dakika 20 na uangalie kama kuna pengo. Washa, uone kama kila kitu kimerudi bila mkono wa mtu.

Buibui watakuja. Taa za infraredi huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui na mijusi, na utando mmoja mbele ya lenzi hung'aa kama pazia. Futa kila mwezi kwa kitambaa kikavu. Pale wanapozidi, zima infraredi ya kamera na ufunge taa ya infraredi ya peke yake mita moja au mbili pembeni; wadudu watahamia huko. Kamera za kuba la plastiki hupata shida zaidi, kwani vumbi kwenye kuba hurudisha mwanga kwenye lenzi. Katika ziara hiyohiyo ya kila mwezi soma afya ya diski kwa amri ya smartctl -a. Namba za sekta zilizohamishwa na zinazosubiri ziwe sifuri. Zikianza kupanda, nunua diski kabla ya wiki kuisha.

Siku polisi wakihitaji picha, toa faili halisi, usiwape video ya simu iliyopigwa kwenye skrini. Tengeneza alama ya sha256sum (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa) na uiandike kwenye karatasi pamoja na tarehe. Muda uandike kwa namna zote mbili: kamera inasema 02:13, mlinzi atasema saa nane na dakika kumi na tatu usiku, na maelezo yasiyolinganisha hayo mawili yamewahi kuwachanganya watu wazima na akili zao.

DVR ya zamani ikimaliza kazi, usiiuze na diski yake ndani. Diski hiyo inajua mnaamka saa ngapi, nani anabaki na watoto, na gari linatoka lini. Itoe, ifutwe yote kwa amri ya shred au kwa kuiandikia sifuri mwanzo hadi mwisho, kisha ufute pia kifaa kwenye akaunti ya simu yako kabla ya kumkabidhi mnunuzi.